Ujirani wa Falme katika Masimulizi ya Wahaya

Katika michezo ya kuigiza wahusika, ambayo mfano wake wa kwanza kuchapwa ni Dungeons & Dragons uliotolewa Marekani mwaka 1974, mtungaji hana budi kuumba nchi ambamo mashujaa watatembea; na akiisha kuiumba, hupaswa kujibu swali la pili: jirani za nchi hiyo ni nani? Jibu lililozoeleka ni ramani pamoja na orodha. Kila ufalme hutajwa kwa mipaka yake, mtawala wake, askari wake, miungu yake na mazao yake, kama ilivyofanywa katika Forgotten Realms, ulimwengu wa kubuni uliochapwa kwa ajili ya mchezo huo mwaka 1987. Njia hiyo ina manufaa, maana mchezaji huweza kwenda atakako na kukuta nchi imekwisha kuandaliwa. Walakini ina upungufu mmoja mkubwa: jirani aliyeelezwa namna hiyo huwa yupo kando tu. Aweza kufutwa katika ramani, na nchi ya katikati isidhurike.

Wahaya wa Bukoba na Muleba wanayo njia nyingine ya kuumba ufalme wa jirani. Yafaa wataalamu wa Kiswahili waichunguze, kwa sababu masimulizi hayo yanapotiwa katika Kiswahili huelekea kupoteza kiungo kile kile kinachoyashika pamoja.

Kwanza itazamwe hali ya falme zenyewe. Kabla ya utawala wa kikoloni nchi ya Wahaya haikuwa dola moja. Kiziba ilikuwa kaskazini, kuelekea Uganda, chini ya ukoo wa Wababito wenye asili ya Bunyoro. Ihangiro, ambayo leo imo kwa sehemu kubwa katika Wilaya ya Muleba, ilitawaliwa na Wahinda, kama vile Kianja na Karagwe. Kyamutwara iligawanyika, na Wankango wakapata kutawala sehemu zake, ikiwamo Bugabo. Katika nchi ndogo kama hii, ambamo msafiri aliweza kuvuka falme kadhaa kwa miguu katika siku chache, jirani hakuwa jambo la kukisia. Alijulikana kwa ukoo wake, kwa ndoa, kwa vita, na kwa deni lililobaki kati ya nyumba na nyumba. Utawala wa machifu ulikomeshwa Tanganyika mwaka 1963. Walakini habari zake zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwa Kihaya chenyewe, hasa katika kitabu cha F. X. Lwamgira juu ya Kiziba na wafalme wake, kilichotoka mwaka 1949.

Tendi zinazoimbwa kwa enanga nazo zimechunguzwa sana, hasa na M. M. Mulokozi katika tasnifu yake ya mwaka 1986 kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uchunguzi huo ulikuwa na uzito wake katika mabishano yaliyofuata kitabu cha Ruth Finnegan cha mwaka 1970, alimotia shaka kama utendi ni fani ya kawaida katika Afrika. Mabishano hayo yalihusu fani. Swali la namna ulimwengu wa masimulizi unavyopangwa, nani yuko jirani ya nani na kwa sababu gani, lahitaji kuulizwa peke yake. Na mahali pema pa kuliuliza ni hadithi ya Wamara na Kintu.

Wamara, mfalme wa Wachwezi, alishuka pamoja na wenzake hata nchi ya Kintu iliyo chini ya ardhi. Kintu akawapokea, akawapa ng'ombe na mbegu za kupanda, wakarudi kwao na neema ambayo hawakuwa nayo. Lakini Wamara akasahau kumrudishia mwenyeji wake shukrani iliyompasa. Ndipo Kintu alipomtuma Rufu kudai. Mjumbe huyo akafika katika nchi ya Wamara, na tangu hapo kufa kukawapo, na ufalme wa Wachwezi ukatoweka. Wale waliokuwa wakuu duniani wakabaki kuwa na enzi mahali pengine: Irungu katika pori, Mugasha katika ziwa na upepo wake, na Wamara mwenyewe juu ya roho za waliokufa.

Msomaji atatambua kwamba hadithi hii haina haja ya kueleza mipaka ya nchi ya Kintu wala kuhesabu askari wake. Inatosha kujua kwamba njia ipo, kwamba mgeni alikwenda na kurudi, na kwamba alirudi na mali ya mwenyewe. Ujirani umefanywa na deni. Ng'ombe akamwaye na mbegu ipandwayo katika nchi ya Wamara ni ushahidi wa nchi ile nyingine, hata kama hapana mtu aitazamaye. Ukimwondoa Kintu, hutaondoa ufalme mmoja tu katika ramani. Utakuwa umeondoa mifugo, mazao na kifo chenyewe, na nchi ya katikati haitaeleweka tena. Hapa ndipo masimulizi ya Wahaya yanapoizidi orodha ya watunga michezo. Waswahili husema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Wamara hakulipa, na hadithi yote imetokana na kutolipa huko.

Sasa lugha. Tafsiri ya Kiswahili hukutana na maneno matatu yenye hatari. La kwanza ni jina la nchi ya Kintu. Neno "kuzimu" laonekana kufaa, kwa kuwa shina lake -zimu ni la Kibantu na ni lile lile la mzimu. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili neno hilo limekwisha kupata harufu ya vitabu vya dini, ambamo kuzimu ni makao ya wafu. Akilisoma, atadhani Wamara alikufa ndipo akamwona Kintu. Na hali katika hadithi mambo ni kinyume: alikwenda akiwa hai, kama mfalme amtembeleavyo mfalme, na kifo kilikuja baadaye kwa sababu ya ziara ile. Afadhali kusema "nchi ya Kintu" na kuliacha kuzimu liingie mahali linapohitajiwa tu.

La pili ni Rufu. Katika Kihaya orufu ni kifo. Mfasiri akiandika "Kifo kilikuja", upatanisho wa ki- umekwisha kumgeuza mjumbe kuwa kitu, na dai la Kintu limekuwa msiba usio na mtumaji. Akiandika "Rufu alikuja", mtu hubaki mtu, na nyuma yake huonekana aliyemtuma. Jambo hili la sarufi ni dogo kwa sura, lakini uhusiano wote wa falme mbili umetegemea kiambishi hicho.

La tatu ni engoma. Kwa Kihaya kutwaa utawala ni kula engoma; ngoma ndiyo enzi. Mfasiri akiweka "kutwaa nchi" ameleta wazo la ardhi na mipaka mahali ambapo lugha ya asili ilinena juu ya mamlaka. Msomaji wa pwani aliyezoea habari za siwa na ngoma kuu za Lamu na Pate hahitaji kufichwa neno hilo. Ataelewa bila taabu.

Yaweza kupingwa kwamba kila nchi ya ajabu katika hadithi hutoa kitu, na kwa hiyo hoja hii yafaa popote. Lakini Wahaya wanayo hadithi nyingine inayoonyesha tofauti. Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara ahesabiwaye kuwa alitawala katika karne ya 17, yasemekana aliamuru mnara wa chuma ujengwe ufike mbinguni, mnara ukaanguka. Mahali patajwapo ni Katuruka, katika eneo la Maruku, Bukoba. Huko juu hapakuwa na mwenyeji aliyempokea mtu, wala zawadi iliyoshuka, wala deni. Kwa hiyo mbingu, ijapokuwa zaonekana kila siku, hazikuwa ufalme wa jirani. Zilikuwa umbali tu, na umbali hauvukwi kwa chuma.

Katuruka pia inazuia kosa la kuyachukua masimulizi haya kama ndoto tupu. Peter Schmidt, aliyechimba hapo kwa kufuata maneno ya wazee na kuchapa kitabu chake mwaka 1978, alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa kabla ya Kristo, ya kale mno kuliko Rugomora. Kwa maoni yake, wafalme walijiunga na mahali pa kale pa wafua chuma ili wapate heshima yake. Kadhalika mapokeo yanayomfanya Ruhinda, mwanzilishi wa Wahinda, kuwa mwana wa Wamara, yanawapa watawala wa Ihangiro na Karagwe urithi katika hadithi ya Kintu. Urithi huo una pande mbili. Anayeirithi ngoma ya Wamara airithi pamoja na deni lake. Na msikilizaji wa zamani aliyemsikia mwimbaji akilitaja jina la Wamara mbele ya mfalme alikuwa na sababu ya kukumbuka kwamba enzi kubwa kuliko ile iliyokaa mbele yake ilipotea kwa kusahau shukrani.

Hapana shaka watokao katika nchi za Kiswahili nao wataanza kutunga michezo ya namna hii kwa lugha yao, na ni vema wafanye hivyo. Watakapozitafuta falme za kuzunguka nchi yao ya kubuni, wasianze kwa ramani. Na wafasiri waliotangulia mbele yao wana wajibu wa kuwaachia maandishi ambamo Kintu bado ni jirani, Rufu bado ni mjumbe, na deni bado linadaiwa.