Pale Hoja Inapogeuka: Namna ya Kumpima Mlumbi wa Shule

Mwanafunzi anayepanda jukwaani katika tamasha la drama la kaunti ndogo ya Seme nchini Kenya, pale Kombewa, ana vitu vichache sana vilivyo vyake. Shairi analoghani au hotuba anayoitoa huenda imeandikwa na mtunzi wa kulipwa. Sauti imenolewa na mwalimu tangu shule zilipofunguliwa Januari, mikono imepangiwa pa kupanda na pa kushuka, hata machozi yana mshororo wake. Hakuna hila katika hilo, maana sanaa ya jukwaani popote pale huandaliwa na wengi. Lakini msikilizaji makini anabaki na swali: katika dakika hizo chache, kipi asifiwe yeye na kipi asifiwe mwalimu wake? Jibu la mwongozo huu ni kwamba tusimpime pale anapoanza wala pale anapofikia kilele. Tumpime pale hoja inapogeuka. Mwanzo unaweza kukaririwa, na kilele ni kazi ya mapafu, ila kugeuka pamoja na hoja kunamtaka anayesema awe ameielewa.

Tuseme hotuba inahusu malaria, ugonjwa ambao mtoto wa pwani ya ziwa haujui kwa kusoma tu. Mtunzi hodari ataanza na neti iliyotoboka, kisha aingie katika habari ya kujivunia: Kombewa ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, jaribio lililohusisha watoto zaidi ya 15,000. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria. Hapo ukumbi utapiga makofi. Kisha inakuja sentensi ngumu: kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi mitano hadi 17 na kupata dozi zote nne, visa vya malaria vilipungua kwa takribani asilimia 36 katika miaka minne, kwa hiyo neti haijastaafu. Sikiliza sentensi hiyo. Mlumbi aliyekaririshwa ataipandisha juu kama alivyoipandisha ile ya ushindi, kwa sababu amefundishwa kwamba tarakimu husemwa kwa mkazo. Aliyeelewa atashusha sauti. Ataacha kituo kabla ya hiyo asilimia, pengine asiwatazame watu, kwa kuwa anajua anawapunguzia furaha aliyotoka kuwapa. Neno linalofuata, iwe ni “lakini” au “hata hivyo”, litatoka kana kwamba limempata hapo hapo. Karatasi ni ileile kwa wote wawili, na hapo ndipo panapowatenganisha.

Ni rahisi kukosea katika kupima kwa sababu masikio hufuata kelele. Anayenunua samaki ufuoni hadanganywi na magamba yanayong'aa. Huinua shavu kwanza akaangalia wekundu wa matamvua. Katika ulumbi, magamba ni mengi: joho lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, magoti yanayopigwa sakafuni, ukelele wa ghafla unaowashtua waliosinzia baada ya chakula cha mchana. Kilio ndicho kibaya zaidi. Mghani akilia kabla hadhira haijapewa sababu ya kulia, anawanyang'anya kazi yao. Kanuni inayosaidia ni kuangalia pumzi. Mtu anayefikiri huvuta pumzi pale wazo jipya linapoanza, hata kama ni katikati ya mshororo, ilhali aliyekariri huivuta mwisho wa mshororo kila mara, beti baada ya beti, mpaka shairi linageuka kuwa mwendo wa gwaride. Angalia macho pia. Yakihama kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpigo mmoja usiobadilika, yamepangwa. Yakikwama kwa mtu mmoja kwa sababu swali limeelekezwa kwake, huyo anazungumza.

Kuhusu lafudhi, mwongozo huu unatofautiana na waamuzi wengi. Tamasha la drama la shule nchini Kenya lilianza mwaka 1959 na la muziki mwaka 1927, yote mawili chini ya ukoloni, na kwa muda mrefu matamshi ya Mwingereza ndiyo yaliyokuwa kipimo. Desturi hiyo imehamia kimyakimya katika Kiswahili: mtoto wa Mombasa husikika ufasaha wenyewe, wa Seme husikika lugha ya mama. Ni kweli Kidholuo, lugha ya mama ya Seme, hakina “sh” wala “z” za Kiswahili, na mghani asiyejizoeza ataifanya shaba kuwa saba. Hapo maana imepotea na alama zipungue, bila huruma. Lakini wimbo wa Kidholuo unaobaki katika kiimbo, ule mteremko wa sauti mwishoni mwa sentensi, hauzuii maana yoyote. Mara nyingi unalipa shairi uzito ambao usanifu wa vitabuni hauna. Mwamuzi aadhibu kinachomfunga msikilizaji nje ya maana, si kinachomjulisha mghani ametoka wapi.

Watu wa jedwali la alama watasema kipimo hiki ni cha kubahatisha: sauti, matumizi ya jukwaa na ukakamavu vinaonekana na watu wanne wanaweza kukubaliana juu yake, ilhali kuelewa kumo ndani ya kichwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata mgeuko unaweza kufundishwa. Mwalimu mjanja atamwambia mwanafunzi ashushe sauti kwenye ile asilimia 36, naye atashusha. Sawa, mara moja atashusha. Ila ngazi za tamasha hazimruhusu kuisema mara moja tu. Kipande kilekile kitatoka zoni kwenda kaunti ndogo, kaunti, eneo la Nyanza, hadi taifa, na kila mahali ukumbi ni mwingine. Chumba cha madarasa mawili yaliyounganishwa kina mwangwi wake. Bwalo la mabati mvua ikinyesha alasiri humeza maneno yote. Wanafunzi wa shule jirani watacheka pasipotarajiwa. Aliyefundishwa atapitiliza na kituo chake kitamezwa na kicheko. Aliyeelewa atangoja, kisha atarudi kwa sauti tofauti na ile aliyoachia, kwa kuwa kicheko kimebadilisha alichokuwa anajibu.

Wenyeji wa ufuo huu hawahitaji kufundishwa kipimo hicho. Katika pakruok, desturi ya Waluo ya kujigamba penye muziki, mtu humkatiza mpiga nyatiti, kinubi chao, katikati ya wimbo, akatoa fedha, akajigamba au akamsifu rafiki yake, kisha mwanamuziki akaendelea. Mpigaji bora hujulikana kwa namna anavyoupokea mkatizo huo na kuushona ndani ya wimbo. Mitaala yetu inafundisha ulumbi na majigambo kama vipera vya fasihi simulizi, mwanafunzi anavitaja kwenye mtihani, halafu jukwaani tunamtaka aghani kana kwamba hadhira haipo. Huo ni upotevu.

Lipo pia pingamizi la maudhui, kwamba ujasiri wa ujumbe ndio ubora wenyewe. Mwaka 2013 tamthilia Shackles of Doom ya Butere Girls ilipigwa marufuku, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo. Mwaka 2025 shule hiyohiyo ilifika kwenye tamasha la taifa, Nakuru, na tamthilia Echoes of War baada ya amri ya mahakama, polisi wakarusha vitoa machozi nje, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka. Ni mambo makubwa katika historia ya uhuru wa kujieleza Kenya, na tamthilia zote mbili ziliandikwa na Cleophas Malala, mwanasiasa. Ndiyo maana mwamuzi atenganishe mizani mbili. Ujasiri wa maandishi ni wa mwandishi. Wa mwanafunzi ni namna anavyoyabeba. Shairi la usafi wa soko la Kombewa, lisilomkera waziri yeyote, linaweza kughaniwa na msichana wa sekondari kwa uelewa unaozidi hotuba kali inayotikisa serikali, na akifanya hivyo apewe alama za juu bila kuona haya.

Kwa anayetaka kujizoeza, aketi safu za nyuma, mbali na kipaza sauti, na asitazame jukwaa katika usikilizaji wa kwanza. Achague sentensi moja tu yenye “lakini”. Kipande hicho kikivuka hadi kaunti, aende tena akaisikilize sentensi hiyohiyo.