Mifereji 20 Inayoamuru Njia 1,024

Sehemu kubwa ya kazi ya maabara ya biolojia ni kuhamisha matone: toa hapa, weka pale, changanya, subiri, pima. Mtafiti akiwa na mamia ya michanganyiko ya kulinganisha, mkono huchoka na makosa huingia. Mwaka 2000, kundi la Stephen Quake katika chuo cha Caltech, Marekani, lilichapisha njia ya kuukabidhi mpira kazi hiyo.

Ni mpira wa silikoni, laini na unaopitisha mwanga. Humiminwa juu ya kalibu yenye matuta madogo. Ukishaganda na kubanduliwa, matuta huwa yameacha mifereji yenye upana wa maikromita 100 hivi na kina cha 10. Matabaka mawili hulazwa pamoja: moja lina mifereji ya kimiminika, jingine lina mifereji ya hewa inayoikatiza. Ili yashikane, tabaka moja huzidishiwa kiambata kimoja cha silikoni na jingine huzidishiwa cha pili; tanurini ziada hizo hukutana na kuungana, wala gundi haihitajiki. Mifereji inapopishana, kati yake hubaki utando mwembamba. Hewa ikisukumwa, utando hubonyea na kuziba njia. Ikiachiliwa, mpira hujirudi. Hiyo ndiyo vali. Vali 3 zikibonyezwa kwa zamu huwa pampu.

Lakini vali elfu moja zikidai mirija elfu moja ya hewa, chipu hiyo ya mpira haimsaidii mtu. Jibu lilikuja mwaka 2002 katika makala ya Todd Thorsen, Sebastian Maerkl na Quake, na kwangu mimi hapo ndipo penye kipaji. Mfereji wa hewa ukiwa mpana pale unapokatiza njia, huiziba. Ukiwa mwembamba, utando haupati nafasi ya kubonyea vya kutosha, na kimiminika hupita. Basi mfereji mmoja, ukipanuliwa hapa na kubanwa pale, unaziba nusu ya njia na kuziacha zilizobaki. Mwenzake anafanya kinyume chake. Jozi 2 za namna hiyo huchagua njia moja kati ya 4, jozi 3 moja kati ya 8, na jozi 10, yaani mifereji 20, moja kati ya 1,024. Chipu yao moja ilikuwa na vyumba 1,000 na vali 3,574, na yaliyomo katika chumba kimoja yaliweza kutolewa bila kugusa vingine.

Udogo wa chipu hizi husifiwa sana, na kweli huokoa kemikali ghali. Hata hivyo, bila njia ya kukifikia chumba unachokitaka, udogo huo ungebaki pambo.

Kasoro zipo. Silikoni hupitisha mvuke, hivyo matone hukauka. Hunyonya pia baadhi ya molekuli zinazopenda mafuta, na hilo linaweza kupotosha majaribio ya dawa. Tena kando ya chipu lazima pawepo kompyuta, vali za umeme na chanzo cha hewa yenye shinikizo. Anayepanga maabara ya namna hii apige kwanza hesabu ya vifaa hivyo vya nje, ndipo aagize chipu.