Mita Moja ya Chuma: Fani ya Tela Ufipa

Mahindi yakianza kuvunwa Ufipa, kuanzia mwezi wa sita hivi, barabara zinazoingia Sumbawanga kutoka Laela, Matai na Namanyere hujaa vyombo viwiliviwili, kimoja kikimfuata mwenzake. Jozi ya ng'ombe na mkokoteni. Pawatila na tela. Lori la Tunduma na tela lake. Pikapu ya mfanyabiashara wa maharage na tela dogo lililochomelewa mtaani. Wahakiki wetu wamesoma mashairi, wamesoma kanga, wamesoma milango ya Unguja. Tela hawajalisoma, nami naona linastahili, kwa sababu fani yake ni ya wazi na matokeo yake ni makubwa: sehemu mbili, kiungo kimoja, na karibu kila kitu kinategemea kiungo hicho kimewekwa wapi.

Nianze na pikapu, kwa kuwa ndiyo iliyokosewa. Mwenyewe anataka kubeba zaidi, basi bodi linarefushwa mpaka linaning'inia nyuma ya bampa. Ndoano ya kuvutia tela, iliyokuwa nje, sasa imefichwa chini ya bodi. Ukifunga tela hapo, kona ya kwanza tu litagonga. Fundi anakata chuma cha mraba cha mita moja, anakichomelea kwenye ndoano ya zamani, na ndoano mpya inatokeza nyuma. Wamarekani wanaobebesha pikapu kijumba cha kulala wanakutana na tatizo hilohilo, maana kijumba hupita bampa, nao hulitatua kwa kipande cha kurefushia kinachouzwa dukani. Watengenezaji wa vipande hivyo hushusha uzito unaoruhusiwa kuvutwa kadiri kipande kinavyokuwa kirefu. Mtaani kwetu hakuna anayeshusha.

Tupige hesabu. Chukua pikapu ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3, na ndoano yake iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tela likikandamiza ndoano kwa kilo 100, ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 40. Ongeza mita moja ya chuma, na kilo zilezile 100 sasa zinaipunguzia mbele kilo 73. Tela halijaongezewa hata debe moja la mahindi, lakini matairi ya usukani yameshika barabara kwa uzito mdogo zaidi, ekseli ya nyuma inabeba kilo 173 za ziada badala ya 140, na pale fundi alipochomelea pananyongwa na mzigo unaokaa mita nzima nje. Hapo gari bado limesimama. Likiingia shimoni, uzito unaokandamiza ndoano huweza kupanda maradufu kwa sekunde moja, kisha hushuka, kisha hupanda tena.

Lililo baya zaidi halionekani kwa kutazama ubavuni; lazima ulitazame gari kutoka juu. Tela likiyumba, linasukuma ndoano kushoto na kulia, na ndoano iliyo mbali na ekseli ina nguvu ya kuzungusha pikapu nzima. Kila sentimita ya mkia, yaani umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi ndoano, ni nguvu iliyokabidhiwa kwa kinachofuata ili kimwelekeze anayeongoza. Sasa ichukue mita ileile ya chuma, uikate kutoka kwenye pikapu, uiongeze kwenye mkono wa tela, yaani kile chuma kinachotoka mbele ya tela kuja kwenye ndoano. Nafasi kati ya bodi na tela inabaki ileile. Tabia inageuka. Tela lenye mkono mrefu hutulia, kwa sababu matairi yake yako mbali na kiungo na huchelewa kuitikia kila mtikisiko. Uzito uleule na chuma kilekile, ila kimehama kutoka upande mmoja wa kiungo kwenda wa pili.

Mkia nao una sifa moja, na haki itendeke. Kwenye kona, ndoano iliyo nyuma sana hutupwa nje, ikalivuta tela lipite karibu na nyayo za gari. Mkono mrefu hufanya kinyume: tela hukata kona kwa ndani na huweza kukanyaga mtaro, au miguu ya mama aliyepanga nyanya ukingoni. Kwa njia nyembamba za sokoni hilo si jambo dogo. Ila kukata kona ni kosa ambalo dereva analiona kwenye kioo na analiwahi. Kuyumba kwa kilomita 70 kwa saa kwenye lami ya kwenda Tunduma hakumpi muda huo.

Mkokoteni wa ng'ombe ulijua jambo hili kabla ya pikapu. Mti wake mrefu ni sehemu ya mkokoteni wenyewe, unatoka kwenye fremu hadi kwenye nira, kwa hiyo urefu wote uko upande wa kinachovutwa. Ukipakia magunia mbele kupita kiasi, nira inawalemea ng'ombe shingoni. Ukipakia nyuma, mti unapanda na mikanda inawakaba koo, na ng'ombe watasimama. Fani hii ina msomaji wake ndani yake: kosa la mpakiaji linajulikana kabla safari haijaanza. Pikapu iliyopunguziwa kilo 73 mbele hailalamiki.

Kwenye lori nitapita haraka. Tela lenye ekseli mbele na nyuma lina mkono unaopanda na kushuka, kwa hiyo halikandamizi ndoano, linaivuta tu. Semi-trela hukaa mgongoni mwa kichwa, pini yake ikiwa juu ya ekseli za nyuma au mbele yake kidogo: mkia umefutwa kabisa. Hata mizani ya Mpemba, karibu na Tunduma, hupima ekseli moja moja, kwa kuwa barabara huumizwa na mahali uzito ulipotua kama inavyoumizwa na jumla yake.

Ninayotaka kukaa nayo ni pawatila, mashine ya kulimia iliyosambazwa sana wakati wa Kilimo Kwanza, kaulimbiu ya serikali ya mwaka 2009. Peke yake ni injini juu ya matairi mawili. Haina kiti na haiwezi kusimama kama gari. Tela ndilo linaloikamilisha. Dereva anakaa kwenye tela, nyuma ya kiungo, na mikono mirefu ya usukani inavuka juu ya pini kumfikia. Katika shairi la pindu, maneno yanayofunga ubeti ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata, na huwezi kusema ni mali ya ubeti upi. Pini ya pawatila imekaa hivyo: anayeongozwa ndiye anayemwongoza aliye mbele.

Kwenye tambarare ya Ufipa fani hii inasomeka vizuri. Ukikamata klachi ya kushoto, tairi la kushoto linakosa nguvu, la kulia linasonga, mashine inakata kushoto. Lakini Sumbawanga iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Rukwa liko karibu mita 800, na anayetoka Ntendo, huku juu, kwenda Muze, kule bondeni, anashuka ukuta wa milima ya Lyambalyamfipa. Hapo tela lenye magunia linaanza kusukuma. Injini sasa inazuia matairi badala ya kuyazungusha, na ukikamata klachi ya kushoto unaliachia tairi la kushoto likimbie huku la kulia limeshikwa. Pawatila inakata kulia, kwenye korongo kama korongo liko kulia. Hakuna kilichoharibika. Kiungo kilikuwa kinavutwa, sasa kinasukumwa, na amri ileile imepata maana ya kinyume.

Tiba imo ndani ya muundo wenyewe. Kwa kuwa dereva yuko kwenye tela, kanyagio la breki nalo liko hapo, na breki inashika matairi ya tela. Akiikanyaga mapema, tela linavuta nyuma na kiungo kinarudi kunyooka. Wenye uzoefu huingia gia ndogo kabla ya mteremko, huziacha klachi zote mbili, na hugeuza kwa kusukuma usukani kwa mabega.

Tela nyingi za pikapu zinazochomelewa mtaani hazina breki hata kidogo. Kwenye mteremko huohuo, msukumo wote unapita kwenye ile mita moja na kuubamiza mkia wa gari upande. Fundi anayeombwa kurefusha ndoano akatae. Alivute tela karakanani, aurefushe mkono wake kwa chuma kinene kuliko cha kwanza, kwa sababu mkono mrefu nao hupinda, alifungie breki, na minyororo miwili ya akiba aifunge kwenye chesisi ya pikapu yenyewe.