Heko Wanaosoma Mbawa za Nzi

Mkulima wa maembe kwenye ukame wa Pawaga, Iringa, au wa parachichi Rungwe, Mbeya, akikuta funza ndani ya tunda, humhitaji mtu wa hadubini kabla ya muuza dawa. Heko kwa wataalamu hao! Kwa mfano, mwaka 2003 alinaswa Kenya nzi wa matunda mgeni: michirizi ya njano mgongoni, alama nyeusi ya T tumboni. Mwaka 2005 akaitwa Bactrocera invadens. Wataalamu hawakuridhika. Walilinganisha mbawa, vinasaba, hata kujamiiana kwa nzi hao na wenzao wa Asia, na mwaka 2015 wakathibitisha kuwa ni Bactrocera dorsalis wa Asia. Uvumilivu ulioje! Jina hilo ndilo huamua chambo cha mtegoni na masharti ya kuuza tunda nje.