Punje za Kahawa Kwenye Kona ya Hesabu

Kupamba kona ya hesabu katika darasa la awali huko Karagwe au Kyerwa hakugharimu kitu. Maharage yapo, vizibo vya soda havikosekani, na msimu ukifika kahawa huanikwa uani. Ndiyo maana wengi hudhani kazi ya mwalimu ni kukusanya tu. Naona ufundi huanza vitu vikishapatikana, kwa kuwa idadi haimo ndani ya maharage. Imo katika jinsi yanavyopangwa na swali linaloulizwa. Mwanasaikolojia Jean Piaget alilionyesha hilo katika kitabu chake cha mwaka 1941: panga safu mbili zilizo sawa kwa idadi, kisha tandaza moja, na mtoto mdogo atakuambia kuwa ile ndefu ndiyo yenye vitu vingi. Mtoto huyohuyo huenda anaimba moja mpaka ishirini bila kukosea.

Chukua matunda mabivu ya kahawa. Ukibinya moja, kwa kawaida hutoka punje mbili. Mwalimu mahiri hatangulii kulisema hilo. Humpa mtoto matunda matano, akamtaka akisie zitatoka punje ngapi, ndipo abinye na kuhesabu. Huyu anapata kumi, jirani yake tisa, na ubishi unaanza: nani kakosea? Hakuna aliyekosea, ila tunda moja lilikuwa na punje moja ya mviringo, na matunda ya namna hiyo yapo. Katika dakika chache watoto wamekisia, wamehesabu kwa jozi, wamehakiki, tena kwa mikono inayonata. Faida nyingine ni ya lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kinyambo, ambaye Kiswahili bado kinamgomea, anaweza kukupangia kumi na mbili mezani kabla hajaweza kuitamka. (Maharage yanataka jicho, maana hayachelewi kuishia puani.)

Wapo wanaosema huu ni mchezo, na kwamba mzazi anataka kuona daftari lenye vema nyingi. Namwelewa mzazi huyo, lakini vema haimwambii kama mtoto ameelewa au amenakili ubaoni. Hoja ya msongamano ni nzito zaidi. Darasa likifurika, kona haiwezi kuhudumia wote kwa pamoja. Vikundi hupokezana, wengine wakichora au kuandika, na hata hivyo mwalimu aliye peke yake hulemewa. Hilo halitibiwi na maharage.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni kwamba mtoto atazoea vitu, ashindwe kuhesabu bila kuvigusa. Hutokea kweli, pale vitu visipoondolewa kwa mpango. Mwalimu anayeijua kazi yake huweka maharage manane, akafunika baadhi kwa kikombe, yakaonekana matatu, kisha akauliza: yaliyofichwa ni mangapi? Anayejibu tano bila kugusa kikombe yuko tayari kuandika 8 − 3 = 5. Anayechungulia arudishiwe maharage yake, aendelee nayo wiki nyingine.