Vidole Vinavyoifuata Sauti

Katika makanisa mengi ya mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, wimbo hauanzi kwenye kinanda. Mama anasimama, anaanzisha pambio pale koo lake lilipoamkia siku hiyo, kwaya inampokea, ngoma zinaingia. Hapo ndipo mpiga kinanda anapopimwa. Hakuna aliyemuuliza waanzie noti gani. Kazi yake ni kumfuata mwimbaji alipo, tena upesi.

Wengi wetu tulijifunza kwa kutazama vidole vya kaka aliyetutangulia. Tuliishika gamu ya Do, kwa kuwa haigusi funguo nyeusi, na nyingine zote tukakiachia kile kitufe cha kupandisha na kushusha gamu. Njia hiyo imebeba ibada nyingi, nami naiheshimu. Lakini kitufe hakina masikio. Mwimbaji akipanda nusu toni katikati ya wimbo, mkono unaziacha akodi kwenda kukitafuta, na kwaya inabaki peke yake.

Ndiyo maana nayasifu masomo ya piano yanayofuatwa kwa simu. Kijana wa Baraka, au wa Fizi kule mlimani, akipata mega kidogo na chaji ya sola, anaweza kumfungua mwalimu aliye Paris au Nairobi, akamsimamisha, akamrudisha nyuma, akakodolea macho kidole kimoja tu. Chukua gamu ya Do kwa mkono wa kulia. Kidole gumba kiko Do, cha shahada Re, cha kati Mi. Kisha gumba linapita chini ya vidole hivyo na kutua Fa, na mkono unasonga bila kuruka mpaka kidole cha mwisho kifike Do ya juu. Kulielewa jambo hili ni dakika moja. Kulifanya bila msikilizaji kutambua gumba lilipopita ni kazi ya miezi, na utamu wa ufundi huu umo humo.

Nadharia nayo ina utamu wake. Mapambio mengi hubebwa na akodi tatu: katika gamu ya Do, ni Do, Fa na Sol. Somo linakufundisha kuzihesabu: ya kwanza, ya nne, ya tano. Ukishazoea hesabu hiyo, mama akianzia La bemoli huhangaiki. Ya kwanza ni La bemoli, ya nne Re bemoli, ya tano Mi bemoli; na unazikumbuka bemoli nne za gamu hiyo: Si, Mi, La na Re. Wimbo ni uleule. Gamu kubwa ziko 12, na kila moja unayoimudu ni waimbaji wengine unaoweza kuwahudumia bila kuwalazimisha wabane au wapaaze sauti kwa ajili yako.

Nchi yetu ina mashahidi kwamba uhaba hauzuii elimu hii. Ray Lema, aliyezaliwa mwaka 1946, alianzia muziki seminarini kabla ya kujulikana duniani kwa piano yake. Huko Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha Orkestra ya Simfoni ya Wakimbanguisti mwaka 1994. Wanamuziki wake wa mwanzo walipokezana ala chache zilizokuwapo, wakafika mahali pa kuzipiga kazi za Beethoven.

Somo la video lina mpaka wake. Linaonyesha, halisikii. Halitakuambia kwamba mkono wako wa kushoto unakimbia au kwamba umemfunika mwimbaji. Hayo utaambiwa na kwaya siku ya mazoezi, na anayejifunza kweli hukubali kusahihishwa na waimbaji ambao hawajawahi kugusa kinanda.

Basi wachungaji, wazee wa kanisa na wazazi wa Fizi na Baraka, nina ombi. Kinanda cha funguo 61 kinachofungiwa stoo kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hakitamfundisha mtu. Wapeni vijana saa moja ya jioni, pamoja na chaji, mbele ya mtu mzima anayewajibika, na simu yenye somo iwe karibu. Nanyi vijana, msikiogope kitufe wala msikitegemee: anzeni na gamu ya Do, kisha Sol, kisha Fa, polepole, kila siku. Kwaya zetu zina sauti nzuri mno. Zinastahili mpiga kinanda anayeweza kuzifuata popote zinapokwenda.