Miaka Mitatu Imeenda Wapi?

The Boys in the Boat, filamu ya George Clooney ya 2023, inaisha vile ulitarajia. Vijana wanane wa Chuo Kikuu cha Washington na mwelekezi wao wanapiga makasia Berlin 1936, wanawapita Waitaliano na Wajerumani, dhahabu inaenda Marekani. Mimi machozi yalinitoka, sikatai. Hasira ilikuja baadaye.

Joe Rantz alijiunga na timu ya chuo mwaka wa 1933. Filamu imekunja miaka hiyo yote hadi Berlin ikawa msimu mmoja. Sasa, mtu wa Eldoret utamdanganya aje na hesabu kama hiyo? Panda matatu ya Iten alfajiri uone wale vijana barabarani. Kuna mwenye amekaa kambini miaka minne, anapika ugali kwa zamu, anaazima viatu, na bado hajaitwa mbio yoyote ya maana. Kungoja ndiyo hadithi yenyewe, na ndiyo Clooney ameikata.

Kitabu cha Daniel James Brown (2013) hakiikati. Humo babake Joe anaondoka na familia yake mpya, anamwacha kijana peke yake kwenye nyumba huko Sequim. Kiangazi cha 1935 Joe ananing'inia kwa kamba kwenye jabali, anatoboa mawe kwa mashine pale bwawa la Grand Coulee, ndio apate karo. Kwa filamu, umaskini ni nguo chakavu tu.

Na hapa kwetu tunaijua sana hiyo mbinu: mtoto maskini alikimbia kwenda shule, akashinda, mwisho. Nani alikuwa analipa? Hakuna anayeuliza. Mwanamichezo wa ridhaa hakuruhusiwa kulipwa, na kwa makasia mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka wa 1920 John B. Kelly, fundi wa matofali, alikataliwa kushindana Henley, Uingereza, ambako sheria ziliwafungia nje watu wa kazi za mikono. Akaenda Antwerp mwaka huohuo, akamshinda Jack Beresford, Mwingereza aliyekuja kupata medali katika Olimpiki tano mfululizo. Kipchoge Keino naye alikula mshahara wa polisi, na baada ya Munich 1972 ndipo akaenda kwenye mbio za kulipwa Marekani. Hiyo sehemu ya mshahara sijawahi kuiona kwa bango lolote.

Brown alimkuta Rantz akiwa mzee, mgonjwa, karibu kufa. Mzee alikubali kuandikwa kwa sharti moja: kitabu kiwe cha mashua nzima, si chake peke yake. Brown kajitahidi. Clooney anawaacha wengine kama abiria, hata Don Hume, aliyepiga makasia Berlin akiwa mgonjwa, hatumjui vizuri.

Anza na kitabu. Filamu itazame kwa ajili ya fainali ya Grünau, hiyo wameipiga vizuri sana.